Fuata mvua: namna ya kupata mboga mwaka mzima kwenye ua mdogo wa Nairobi

Watu wanaotaka kuanza kulima mboga nyumbani huniuliza kwanza habari ya mbegu: ninunue gani, duka gani. Mimi huwarudisha kwenye mvua. Mbegu ya saga (mgagani) ukiimwaga mwisho wa Machi itakupa beseni la majani mwisho wa Aprili. Mbegu hiyohiyo ukiimwaga Julai itasimama kimo cha kidole ikingoja jua. Udongo ni uleule, samadi ni ileile, mkono ni uleule. Kilichobadilika ni mwezi.

Ndiyo maana naanza na kalenda, kisha udongo, kisha mboga zenyewe moja moja. Nia ni ua mdogo ulishe nyumba moja wiki hata wiki, usije ukafurika mboga Mei halafu ukakaa mtupu Februari. Mimi nilianzia Kayole, na magunia machache nyuma ya nyumba ya kupanga. Sasa niko Uthiru, kwenye kipande cha ua ambacho mwenye ploti aliniruhusu kukilima mradi nisizibe njia ya kamba za nguo. Nina vitanda vinne, kila kimoja upana wa mita moja na urefu wa mita tatu hivi, magunia kando ya ukuta, na nderema iliyopanda kwenye waya wa uzio. Nyumba yetu ina watu watano, na mboga za majani sinunui isipokuwa nikitamani ya mwenzangu.

Kalenda kwanza

Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mwaka wake una vipindi ambavyo mkulima wa mboga lazima avitofautishe. Masika huanza katikati ya Machi na kuisha mwisho wa Mei, na Aprili ndio mwezi wenye maji mengi. Juni, Julai na Agosti ni baridi: mawingu kutwa, manyunyu ya asubuhi, udongo haukauki lakini pia hauna joto. Septemba jua hurudi. Vuli huanza Oktoba, hushika kasi Novemba na kufifia Desemba. Januari na Februari ni jua na vumbi.

Kazi kubwa hufanyika kabla ya mvua, si baada yake. Kitalu cha managu (mnavu) na sukuma nakitengeneza katikati ya Februari kwa ajili ya masika, na mwanzoni mwa Septemba kwa ajili ya vuli. Miche hukaa kitaluni wiki nne hadi sita, kwa hiyo mvua ya maana ikishuka, miche iko tayari kuhamishwa. Anayengoja mvua ndipo amwage mbegu huhamisha miche wakati majirani wanavuna, na matone mazito ya Aprili huwa yameshazika nusu ya mbegu zake.

Mvua ya maana ni ipi? Usidanganywe na ile ya kwanza inayonusisha harufu ya vumbi kisha ikapotea wiki mbili. Chimba kwa mkono. Kama unyevu umeshuka kina cha kiganja kizima, panda. Kama umeishia kwenye vidole, ngoja. Idara ya Hali ya Hewa, ile yenye makao Dagoretti Corner, hutoa utabiri wa msimu kabla ya masika na kabla ya vuli. Usome, hasa wakisema mvua itachelewa au itazidi. Aprili na Mei 2024 ilizidi mno, na tuliona Mathare na kwingineko watu wakipoteza nyumba na maisha. Kwenye ua, fundisho la mwaka kama huo ni moja: vitanda viinuliwe angalau kiganja kimoja juu ya njia, na kuwe na mfereji unaojulikana maji yaelekee wapi, usije ukayasukuma kwenye mlango wa jirani.

Kisha gawa kila kitu. Pakiti ya terere (mchicha) usiimwage yote siku moja. Chora mstari mmoja leo, mwingine baada ya wiki mbili, mwingine tena baada ya wiki mbili. Hivi ndivyo kitanda kimoja kinavyokupa mboga miezi mitatu badala ya siku kumi. Mwanzoni mwa Mei, mvua ikiwa bado ipo, weka mazao ya baridi: sukuma, spinachi, minji, dania, karoti. Hayo hayaogopi Julai. Mwanzoni mwa Desemba weka kunde na mrenda, ili mizizi ishuke kabla jua la Januari halijakausha juu.

Udongo wa Kayole na udongo wa Uthiru

Nairobi ina udongo wa aina mbili kubwa, na ushauri wa mmoja huharibu mwingine. Upande wa mashariki na kusini, Embakasi, Kayole, Syokimau hadi Athi River, ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaonata viatuni wakati wa mvua na kupasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi. Upande wa magharibi, Kangemi, Uthiru, Dagoretti kuelekea Kikuyu, ni mwekundu, mwepesi kulimika, maji hupita vizuri.

Wenye udongo mwekundu, kazi yenu ni kuulisha tu: samadi, mboji, matandazo, msimu baada ya msimu. Wenye udongo mweusi, msiulime ukiwa umelowa, maana utakauka kuwa matofali. Inua vitanda, changanya samadi nyingi na mchanga kidogo, na usiuache wazi kwa jua. Udongo huo una rutuba na unatunza maji, unachohitaji ni hewa. Lakini kama ua wenyewe ni saruji au kifusi cha ujenzi, ingia kwenye magunia bila kusita.

Gunia halitaki ufundi mkubwa, linataka mpangilio. Magunia ya mboga yalienea sana Kibera na Mathare baada ya machafuko ya mwanzo wa 2008, na namna ya kuyapanga haijabadilika. Chukua gunia la kilo 90, likunje mdomo, lisimamishe mahali litakapokaa daima, kwa sababu likijaa hutalisogeza. Changanya sehemu mbili za udongo na sehemu moja ya samadi iliyoiva. Kama udongo ni mweusi ongeza sehemu moja ya mchanga. Katikati simamisha mkebe mkubwa uliotolewa kitako, ujaze kokoto, zungushia udongo, kisha uvute mkebe juu na kujaza tena, mpaka gunia lijae likiwa na nguzo ya kokoto kutoka chini hadi juu. Maji utayamwaga kwenye nguzo hiyo ndipo yafike chini. Bila nguzo, mboga za juu hunona na za chini hufa kiu.

Acha wiki moja udongo utulie. Toboa matundu ubavuni, kiganja kimoja kati ya tundu na tundu, yakipishana, usiyapange kwenye mstari mmoja wa juu hadi chini. Ubavuni panda sukuma, spinachi au managu. Juu weka vitunguu vya majani au sukuma. Saga, kunde na karoti waachie ardhi. Wakati wa jua kali gunia moja hunywa lita tano hivi kwa siku. Wakati wa mvua liache. Gunia la plastiki huliwa na jua, na baada ya misimu kadhaa litachanika. Likichanika, udongo wake umwage kitandani, ni mali.

Ukiwa na mashaka na udongo, kwa mfano ploti iliwahi kuwa gereji, peleka sampuli kwenye maabara ya KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, kule Kabete, kando ya Waiyaki Way. Ni gharama, ila ni ndogo kuliko kulisha watoto oili chafu kwa miaka.

Samadi na mboji

Samadi mbichi huunguza mizizi. Iliyoiva haina harufu kali, haina joto ukiingiza mkono, na huwezi tena kutambua ilikuwa nini. Samadi ya mbuzi inayoletwa na malori kutoka maboma ya Kajiado ni nzuri sana kwa mboga, ila huja na mbegu za magugu, kwa hiyo ilundike kwanza, ilowe, iive. Ya kuku ni kali, tumia kidogo. Ya sungura unaweza kuitumia mapema kuliko nyingine zote, na mkojo wake ukiuchanganya na maji, sehemu moja kwa kumi, unalisha sukuma vizuri. Mzee wa ploti ya pili anafuga sungura, na mimi humpelekea maganda na majani ya kabichi, naye hunijazia mtungi.

Mboji ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Mama mboga wa stejini kila jioni ana maganda ya minji, majani ya nje ya kabichi na majani ya karoti ambayo angelipa mtu ayatupe. Muombe. Lundika tabaka la mabichi, tabaka la makavu (nyasi, majani ya migomba, mabua ya mahindi), samadi kidogo, nyunyizia maji, rudia mpaka kimo cha kiuno. Ingiza fimbo katikati ya lundo. Baada ya siku chache ichomoe na uishike: ikiwa ya moto, lundo linafanya kazi, ikiwa baridi na kavu, ongeza maji na mabichi, ikinuka, limejaa maji, ligeuze na kuongeza makavu. Geuza kila baada ya wiki mbili tatu. Wakati wa joto huiva kwa miezi miwili mitatu. Baridi ya Julai huichelewesha. Nyama, mafuta na ugali usitie, panya watahamia kwako.

Mboga zenyewe

*Managu* ndiyo nguzo ya ua wangu. Kuna yale ya majani mapana yenye matunda meusi, ambayo si machungu sana, na yale ya majani madogo yenye matunda ya rangi ya machungwa, machungu kidogo na matamu kwa anayeyajua. Hamisha miche ikiwa na majani matano sita, nafasi ya sentimita 30 kila upande, jioni au siku ya mawingu. Shina likifika kimo cha goti, likate ukiliacha kama kiganja kimoja kutoka ardhini. Watu huogopa kukata. Kata. Litatoa matawi pande zote, na kutoka hapo utavuna ncha kila wiki au siku kumi kwa miezi mitatu na zaidi, mradi uyanyime nafasi ya kutoa maua. Usiyapande pale palipokuwa na nyanya au viazi, kwa sababu ni ukoo mmoja na maradhi yao ni yaleyale, hasa bakajani inayokuja na baridi yenye manyunyu.

*Saga* inapenda joto na jua tupu. Haitaki kuhamishwa, mizizi yake hunung'unika, kwa hiyo imwage palepale itakapokulia, kwenye mistari ya sentimita 30, mbegu ifunikwe kwa udongo mwembamba tu. Wakati wake ni Machi mwishoni na Oktoba. Baada ya wiki tatu au nne unaanza kuvuna kwa kung'oa iliyobanana, kisha unakata ncha zilizobaki. Hukimbilia kutoa maua, na jua likizidi ndivyo inavyokimbia. Vunja kila ua unaloliona. Jambo moja ambalo wengi hawaambiwi: mbegu mpya ya saga iliyokauka wiki iliyopita haioti vizuri. Hulala. Iweke miezi mitatu hadi sita ndipo uipande.

Managu na saga pamoja ni chakula cha subira. Nilifundishwa na jirani kutoka Kisii: chemsha, mwaga maji ya kwanza kama hupendi uchungu, weka maziwa, acha yachemke polepole, zima, kisha pasha tena kesho yake jioni ukiongeza maziwa kidogo. Siku ya pili ndiyo siku ya kula. Atakayekupa mboga hiyo ikiwa imeiva dakika kumi amekunyima.

*Terere* haina haja ya maelezo marefu. Changanya mbegu na mchanga ili isimwagike kwa wingi, funika kidogo, mwagilia. Wiki ya tatu ng'oa iliyosongamana ukaipike. Inayobaki ikate juu ichipue. Ni mboga ya kujazia nafasi: kitanda kikibaki wazi hata mwezi mmoja, tia terere.

*Kunde* ni akiba ya Januari. Mbegu mbili kwa shimo, sentimita 15 kati ya mashimo na 30 kati ya mistari. Chuma majani yakiwa laini, kuanzia wiki ya nne. Zikichoka, zikate chini, mizizi iache ardhini, kwa sababu vinundu vyake vimehifadhi naitrojeni, na sukuma utakayoipanda hapo itaonyesha. Zikizidi Desemba, zichovye kwenye maji yanayochemka, zitandaze kwenye mkeka kwa siku za jua kali mpaka zivunjike kwa vidole, na uzitunze kwenye mtungi mkavu. Februari, zikikutana na karanga za kusaga, mgeni hatauliza nyama.

*Mrenda* una mbegu ngumu. Zifunge kwenye kitambaa, zichovye kwenye maji yaliyotoka kuchemka kwa hesabu ya kumi, kisha kwenye maji baridi, ndipo upande. Bila hivyo utaotewa na chache. Nao ni wa joto: Julai usihangaike nao. Upike na kunde na kipande kidogo cha magadi, kula na ugali wa wimbi au mtama.

*Sukuma* kila mtu anaijua, ila wengi hununua miche bila sababu. Shina la zamani la kienyeji hutoa vichipukizi ubavuni; vikifika urefu wa kidole kirefu, vivunje na uvipande mvuani, vitashika. Vuna majani ya chini, acha matano au sita ya juu, na shina hilo litakulisha zaidi ya mwaka.

Pembeni ya lundo la mboji tupia mbegu mbili tatu za *malenge*: majani machanga, yaliyomenywa nyuzi, ndiyo seveve ya mukimo. Na kwenye uzio panda *nderema* kwa kipande cha shina. Inavumilia kivuli, haiulizi mengi, na inaendelea kuchipua wakati mboga nyingine zimenuna.

Maji

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Kwa hiyo bati la mita 20 za mraba, mvua ikinyesha milimita 10, hukupa lita 200, pipa zima, kwa jioni moja. Ukiwa kwenye mtaa ambao maji ya bomba yana ratiba ya siku chache kwa wiki, pipa moja chini ya mfereji wa bati ni la thamani kuliko mbegu yoyote ya kisasa. Mengine yatoke jikoni: maji ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga, ya kuchemshia viazi yakipoa. Ya vyombo yenye mafuta, hapana. Ya kusuuza nguo peleka kwenye mgomba, si kwenye mboga. Mwagilia asubuhi, chini kwenye shina, kisha funika udongo kwa nyasi kavu zisizo na mbegu. Matandazo ya unene wa vidole vinne hukupunguzia mitungi mingi Februari.

Maji ya mto msitumie. Najua kuna watu wanaolima kando ya Mto Nairobi, Ngong na Mathare kwa sababu hawana pengine, na siwalaumu, wanatafuta unga. Lakini maji yale yamebeba maji taka na uchafu wa viwanda, na mboga za majani hunyonya madini mazito kama risasi hadi ndani ya jani. Kuosha hakuyatoi. Kupika huua vijidudu, hakuondoi risasi. Kwa sababu hiyohiyo usipande mboga ukingoni mwa barabara kuu.

Wadudu

Vidukari hupenda kiangazi, na hujificha chini ya majani ya sukuma na kunde. Vipanguse kwa vidole asubuhi, au nyunyiza maji yenye kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa kila lita, mara mbili tatu kwa wiki, jua likiwa limetua. Kiwavi anayekata miche usiku karibu na ardhi hukaa chini ya udongo kando ya mche uliokatwa. Fukua utampata, na zungushia miche mipya majivu. Jani lenye madoa ya bakajani ling'oe, lisiende kwenye mboji. Ukilazimika kununua dawa dukani, soma siku za kusubiri kabla ya kuvuna na uziheshimu zote, maana mboga za majani huliwa na kila kitu kilichozigusa.

Mbegu za kesho

Mimea ya mbegu ichague mapema, uifunge uzi mwekundu ili mtu asiichume. Chagua ile iliyochelewa kutoa maua, yenye majani mengi. Ukichukua iliyowahi, kila msimu mboga yako itawahi zaidi kuchanua. Managu: acha matunda yaive kabisa, yaponde kwenye maji, mbegu nzito huzama, mwaga juu, anika kivulini. Saga na terere: kata vichwa vikianza kukauka, vipukuse juu ya karatasi. Weka kwenye chupa kavu na majivu kidogo, andika jina, mwezi na mwaka.

Kwa miaka mingi mkulima wa Kenya aliishi na wasiwasi wa sheria kuhusu kubadilishana mbegu. Novemba 2025 Mahakama Kuu ilisema vifungu vya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea vilivyokuwa vikimbana mkulima anayehifadhi na kugawa mbegu vinakiuka Katiba. Nilifurahi sana. Mbegu yangu ya saga ilitoka kwa mama mmoja wa Kayole, naye aliitoa kwao Nyamira, na mimi nimeigawa hapa Uthiru. Hapa karibu nasi, Muguga, ndiko iliko benki ya taifa ya mbegu, na kule Juja, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, Profesa Mary Abukutsa-Onyango ametumia miaka mingi kuonyesha kwa utafiti thamani ya mboga hizi ambazo zamani ziliitwa chakula cha maskini.

Vile ambavyo ua hautoi

Ua wa mboga hautakupa viazi, mbaazi, maembe wala mahindi ya kutosha. Hivyo nunua kwa msimu, na umzoee muuzaji mmoja. Muulize waziwazi: "Mama, hii imetoka wapi?" Anayejua atakwambia Kinangop, Makueni au Kinale bila kufikiri. Anayesema "Marikiti" tu, yaani soko la jumla la mjini, ananunua kwa mwenzake alfajiri. Si kosa, lakini muulize tena kesho, naye ataanza kuuliza.

Mahindi mabichi huanza kujaa barabarani Juni, na huo ndio wakati wa githeri ya mahindi mabichi na maharagwe. Mbaazi mbichi za Ukambani huja Julai hadi Septemba, zimemenywa tayari, zinauzwa kwa kopo la kasuku. Nunua nyingi, zichemshe kidogo, zigandishe kama una friji. Viazi vya Nyandarua hushuka bei mavuno yakitoka, kuanzia Julai. Hata omena ina msimu: uvuvi wake Ziwa Victoria hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai, kwa hiyo nunua akiba Machi. Maembe ya Makueni na Machakos ni ya Desemba hadi Machi. Nyanya hupanda bei Aprili na Mei kwa sababu mvua huziunguza kwa bakajani. Miezi hiyo pika mrenda na seveve ambazo hazizitaki. Na avokado ukiziona zimejaa kibandani Desemba, ziminye na uulize zilivunwa lini, kwa sababu iliyochumwa changa hunywea na kuwa ngumu kama mpira badala ya kuiva. Msimu wake mkubwa huanza Machi, kutoka Murang'a, wakati huohuo miche yako ya managu inapotoka kitaluni.